Mishale Inayozaa Herufi

Saa tisa za usiku, Bolungarvík.
Theluji imekaa dirishani kama mgeni asiyetaka kuvua koti.
Hallbera ameingia kwenye seva ya mlimani,
kibanda cha bati huko juu, hakuna mtu,
ni hita moja tu na feni inayokohoa.
Anataka kubadili namba:
sentimita themanini ziwe sitini,
barabara ya ufukweni ifungwe mapema.

Dakika mbili, alijiambia,
akaacha kahawa jikoni bila kuifunika.

Faili ikafunguka imevaa nguo ndani nje.
Mipaka ya dirisha la kuhariri, iliyokuwa mistari minyoofu,
sasa ni q q q q q q q,
x kushoto, x kulia,
ua uliojengwa na mtoto anayejua herufi mbili.
Anabonyeza mshale wa juu, inazaliwa A.
Wa chini, B.
Anafuta mstari, mstari unabaki.
Anafuta tena.
Unabaki, unamkodolea.
Anafuta mara ya tatu, kwa hasira,
kama mtu anayesugua doa lililo kwenye miwani yake.

Friðný alistaafu mwaka juzi, yuko Húsavík,
nyonga mpya haimpi usingizi. Anapokea mlio wa kwanza.

"Umehifadhi?"
"Bado."
"Basi hujavunja kitu. Ondoa mikono kwenye kibodi.
Nimesema ondoa, nasikia unabonyeza."

Kimya. Upepo pande zote mbili za simu.

"Unachokiona si faili, binti.
Ni habari za faili, na mpeleka habari amechanganyikiwa.
Kontroli na L. Achore upya."

Skrini ikafumba, ikafumbua.
Ule mstari sugu haupo,
na chini yake, miwili mingine haipo,
mistari hai, ya kihisi cha nne na cha tano,
iliyokufa kwa kosa la mzuka.

"Toka bila kuhifadhi."
Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka;
huyu mhariri hakufukuzi wala hakuruhusu,
mpaka umtajie kutoka kwa alama ya mshangao.
Hallbera akataja. Akatoka.

"Sasa iulize seva inadhani inaongea na nani."

Aliuliza. Jibu lilikuja herufi kwa herufi,
limepanda na kushuka mlima: vt100.

Friðný akacheka hadi nyonga ikamkanya.
"Mashine ya ujana wangu! Inakuona bibi kizee,
mistari ishirini na minne, upana themanini,
nawe umetandaza dirisha ukuta mzima.
Mwambie wewe ni nani."

Mficha uchi hazai. Hallbera akajitaja:
aina yake, urefu wake, upana wake.
Akafungua faili tena.
Mipaka imenyooka. Mistari yote ipo, hata ile mitatu.

Ila pale juu kabisa, mstari wa kwanza.
"Kuna jina la mwandishi," alisema.
"Lisome."
"Fri. Kisha A kubwa yenye wimbi kichwani. Kisha duara dogo, kama la nyuzijoto.
Kisha n. Kisha A ile ile, halafu nusu."
"Nusu ya nini?"
"Nusu tu. Moja juu ya mbili."

Mzee alinyamaza muda ambao simu hutoza pesa.
"Nimegawanywa," alisema. "Ð yangu vipande viwili, ý vipande viwili.
Hakuna kilichopotea. Anahesabu baiti moja moja
pale zinapotembea mbili mbili.
Mwambie UTF-8."

Friðný, skrini ikaandika.
Hallbera hakumwambia. Alimsomea tu, polepole,
kama anavyoitwa mtu mlangoni.

Themanini ikawa sitini. Akahifadhi.
Chini ufukweni taa ya kizuizi ikawaka nyekundu,
dereva wa katapila akapiga honi moja, ya kulalamika.

Kahawa imeganda ngozi juu.
Kabla ya kuzima, anabonyeza mshale wa juu,
bila sababu.

Unapanda.