Kofia Nyekundu, Namba Kumi na Tatu

Bwawa hili mamangu alilijua kwa harufu tu:
klorini ndani ya mataulo ya wageni,
arobaini asubuhi, arobaini jioni,
akiyahesabu kwa Kitaliano, uno, due, tre,
kwa sababu msimamizi hakuamini hesabu ya Kiswahili.
Likipungua moja, alikatwa mshahara.
Mimi nilikuwa mgongoni, kisha nyuma ya ukuta,
kisha juu ya ukuta, nikichungulia maji ya buluu
ambayo hayakuwa na chumvi, wala tope la Sabaki,
wala ruhusa.

Hoteli ikafungwa. Popo wakahamia vyumba vya juu.
Kisha ikaja Michezo, na bendera za nchi thelathini,
na polo ya maji ya wanawake ikatupwa kwetu Malindi,
na maboza yakapiga foleni barabara ya Casuarina
siku zilezile mifereji ya Maweni ilipokuwa ikikohoa hewa.
Nyevu akasema: tusipoweza kuyacheza, angalau tuyanywe.

Saba majini. Mguu haugusi chini.
Mkono mmoja kwa mpira, isipokuwa kipa:
kipa ana ruhusa ya mikono miwili
na upweke wote.
Refa huona kilicho juu, pua, kofia, povu.
Chini yake kuna goti la mtu ubavuni mwako,
kuna vidole vinavyovuta vazi lako kama deni.
Dhahabu alitoka robo ya kwanza na michirizi ya kucha pajani,
akasema, "Hawa walilelewa na dada wengi."

Nilikaa benchi mechi nne, kamba za kofia zikinila kidevu.
Ya tano, na Waitaliano, tukiwa nyuma kumi na nne kwa moja,
Swabra akatiwa kidole cha jicho,
na kocha, Bi Mbeyu, akanitazama
kama mtu anayetazama unga wa mwisho wa mwezi.
"Ingia."

Maji yale! Nilikuwa nimeyachungulia miaka kumi na minne,
na yalikuwa maji tu, baridi kidogo,
nami nikiyakanyaga, nikiyakanyaga,
kama anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba.

Bao la kumi na tano sikuliona.
La kumi na sita nililisikia wavuni.
Kisha mrefu wao, namba tisa, akamwita mwenzake,
wazi kabisa, kama mtu anayezungumza mbele ya kuku:
"A sinistra, in basso."

Nikamsikia mama akihesabu mataulo.
Kushoto, chini. Kushoto kwake, kulia kwangu.
Nikatangulia. Mpira ukanikuta njiani,
ukanigonga hapa, mahali ambapo bado pana zambarau,
na jukwaa zima, hadi wauza viazi karai,
likainuka kana kwamba tumeshinda kitu.

Mara ya pili, "al centro". Nikakaa palepale.
Mara ya tatu namba tisa aliuziba mdomo kwa kiganja.

Tulifungwa kumi na saba kwa mbili.
Usinisomee kuhusu asiyekubali kushindwa;
nilikubali, nikapeana mikono, nikavuta makamasi.
Namba tisa akaniuliza, kwa lugha yake, nilisomea wapi.
Nikamwonyesha safu ya tatu,
mwanamke mwenye kandambili za kijani
ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama kipa.
"Chuo ni kile pale," nikasema, kwa Kiswahili.
Ajitafutie mkalimani.

Langoni kijana wa kamati alikuwa akikusanya mataulo ya wachezaji.
Akahesabu. Akarudia. Akainua karatasi juani
kana kwamba lililopotea limejificha ndani yake.
Mama akapita mbele yake polepole, amenyooka,
mkoba umetuna upande mmoja
na unadondosha tone, tone.

"Thelathini na tisa," kijana akalalamika.

"Trentanove," mama akanisahihishia sikioni,
na hatukucheka mpaka njia panda ya Maweni.