Kidonge cha Jumanne

Nilimpa. Nakumbuka nilimpa.
Bilauri ile yenye ufa mdomoni,
maji nimeyapoza kwa pumzi zangu mwenyewe,
na koo la mama likipanda, likishuka,
kama kitu kidogo kinachotafuta mlango.
Hata alilosema nalikumbuka: "Kichungu."

Sasa ni alfajiri ya Jumatano hapa Kutaisi,
umeme umekatika tena. Tochi nimeibana kwa meno,
nafungua kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba,
na katika chumba cha Jumanne
kidonge kimelala, cheupe, kizima,
kama jino lililong'oka mwenyewe asijue.

Basi alimeza nini?

Jana nilishinda tanurini kwa Vakhtangi
nikibandika mikate kwenye ukuta wa moto,
mikono ungani, akili nyumbani:
nikifika nivue viatu, nimpe kidonge, nimfunike miguu.
Nikabandika mkate, nikampa kidonge.
Nikabandika mwingine, nikampa tena.
Mikate mia na arobaini,
na kwa kila mkate mama akameza.
Ndiyo maana, pengine, jioni nilipovua viatu
kichwa kilishajiandikia: imekwisha.

Lakini ule ufa, midomo yangu iliukwepa vipi nikipuliza?
Na lile neno, nani alilisema?

Mama anaamka. Namuuliza, tochi nimeizima.
"Ulinipa," asema Nazibrola,
mwalimu wa hesabu miaka thelathini na miwili,
asiyekubali jibu lisilo na njia.
"Maji yalikuwa ya moto, ukayapuliza."

Mashahidi wawili, hatukupatana kabla,
wala hakuna anayemdanganya mwenziwe.
Kadhi gani asingetuamini?
Kidonge tu ndicho kinachokataa, nacho hakina mdomo.

Nje, jirani yetu Tsisana anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
krr, krr, halafu kimya, halafu krr.
Nachemsha maji kwa gesi iliyobaki.
Nafungua kabati kutafuta bilauri yenye ufa
na mkono unasimama hewani:
ile niliivunja mwaka juzi,
siku tuliyomzika baba.

Nachukua kikombe.
Mama anameza. Namwangalia koo, naangalia hasa,
nahesabu kwa sauti, moja, mbili,
kama mtu anayepigilia msumari.

Ananirudishia kikombe, anajifuta mdomo.
"Cha jana," asema,
"kilikuwa kichungu zaidi."