Kichwa cha Chewa

Kaka Kibwana ndiye aliyechagua pahala:
Masaki, nyuma ya kioo bahari imezimwa sauti,
inafumbua mdomo na kuufumba
kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokata mtandao.
Leso zimekunjwa umbo fulani, sijui ua, sijui kilemba.
Siwatu aliikunjua yake akabaki ameishika,
hajui ni ya kufutia au ya kutazama.

Menyu imevishwa ngozi. Bei zimeandikwa kwa adabu:
sitini, themanini na tano, mia na kumi.
Sifuri tatu tatu zimeachwa nje
na walinzi, getini.
"Agizeni," akasema Kibwana, "leo analipa Baba."
Tukacheka, kisha tukaona tulichokichekea.

Nyumba ya Ilala iliuzwa Jumanne:
vyumba sita, uwani, mnazi ulioangusha makuti
juu ya bati la jirani kila mwaka wa ugomvi,
na ukuta wa ukumbini
wenye alama za penseli za urefu wetu.
Mnunuzi atainua ghorofa. Hesabu ipo kwenye bahasha
chini ya kichupa cha chumvi, isipeperuke:
mafungu matano. Mawili yake, mawili yangu,
moja la Siwatu, ndivyo mirathi isemavyo,
na hakuna aliyebisha, hata yeye.
Yeye aliyemgeuza Baba kitandani miaka minne
asipate vidonda vya mgongo,
mimi nikituma elfu hamsini na ujumbe:
mpe pole mzee.

Akaja chewa, mzima, amelazwa juu ya ubao,
tangawizi, ndimu, majani ya giligilani,
jicho jeupe kama kifungo cha shati la shule.
Mhudumu, kijana mpole, kibati kifuani: Erasto,
akamfungua samaki mgongoni, akang'oa mwiba wote
kwa mkupuo mmoja, kama anayefungua zipu.
"Kichwa nakiondoa. Wageni wengi hawakipendi."
Akakiweka kwenye kisahani, akageuka.

Kwetu kichwa hakikuguswa.
Baba alikivunja kwa kidole gumba,
akanyonya mfupa mmoja mmoja, hana haraka,
nasi tumezunguka sinia, tumeshiba wali,
tunasubiri shavu. Shavu lilitoka kwa zamu.
Alikutazama kwanza, kana kwamba anakupima,
ndipo akalitia kinywani mwako kwa mkono wake.

"Kijana," akasema Siwatu. Hakupaza sauti.
"Kirudishe."

Kikarudi. Kikakaa katikati ya meza
kikitutazama wote watatu kwa jicho moja.
Kibwana akajaribu mzaha: "Samaki mmoja akioza..."
hakumaliza, akanywa maji.
Nikasema, Kaka, wewe ndiye mkubwa.
Akasema, siku hizi sina meno ya hivyo.
Ana meno yote thelathini na mawili, nayajua.
Nikazisogeza mboga kwenye sahani yangu,
nikawa nazipanga, nikawa nazipangua.

Siwatu akala mnofu kidogo. Akasema, mtamu.
Akasema, Baba angeulizia pilipili.
Kisha akaomba kichwa kifungwe.
Erasto akakileta ndani ya kiboksi chenye utepe,
ungedhani keki.
Bili ilipokuja, sifuri zote zilikuwa zimerudi.

Nje, maji yamekupwa, harufu ya mwani.
Kibwana alitaka kumpeleka kwa gari, akakataa.
Akapanda bajaji, kiboksi mapajani, viganja juu yake
kama anayembembeleza mtoto asiamke.

"Wapi, mama?"
"Ilala," akasema.

Dereva akawasha. Tulisimama pale, wanaume wawili,
mafungu manne mfukoni,
na hatukumsahihisha.