Haina Kiti

Niliikuta Ipinda, nyuma ya banda la kukaushia kakao,
imelazwa juu ya matairi mawili kama mgonjwa wa mgongo:
nyembamba, ndefu, rangi ya ndizi iliyopitisha siku yake,
na shingo moja ya kuinua na kushusha, kichwani usukani.
Nikaizunguka mara tatu.
"Kiti kiko wapi?"
Mama Tumpe alikuwa akigeuza kakao kwa reki. Hakuinua uso.
"Haina. Marehemu alikuwa anasimama."
Lusekelo akanitazama. Akatazama ziwa liliko.
"Malaria," mama akasema. "Siyo maji."

Miaka ishirini na mbili mimi nimekaa.
Karani wa mizani, kiwanda cha chai, Katumba:
kikapu, kilo, toa uzito wa kikapu, andika, mwingine.
Kiti changu kimechukua umbo langu
au mimi lake.

Lusekelo ni fundi. Nilimlipia nauli kutoka Tukuyu
maana mimi sijui pistoni wala pishi yake.
Akachomoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba,
nikabonyeza starta kwa betri ya kuazima.
"Hii inasukuma," akasema. Akahamia ya pili.
"Hii inanong'ona."
Akaleta geji: mia na arobaini, mia na kumi.
"Haziwiani."
Nani anawiana? Magoti yangu mawili
hayajasemezana tangu nilipoteleza Kiwira.

Akagonga tumbo la faiba kidogo kidogo
kama mnunuzi wa tikiti maji,
mpaka mahali pamoja pakajibu kwa sauti ya ubao uliolowa.
"Hapo iligonga jiwe la Ikombe," mama akasema,
"na chini ya zulia kuna gundi niliyopaka mwenyewe.
Sikufundishwa kupaka. Karbureta inataka kubembelezwa.
Usije ukarudi hapa ukasema sikukwambia."

Sijawahi kununua kitu kwa mtu
anayekitia kasoro kunizidi mimi mnunuzi.
Nikajikuta naitetea.
Nikasema, lakini rangi yake nzuri.
Nikasema, ufa wote una historia.
Lusekelo akanikanyaga mguu; nilikuwa naipandisha bei.

Tukafika milioni tatu na gunia la viazi vya Isongole.
Jaketi la kuelea alibaki nalo.
Sikuuliza.

Nyumbani Subilaga alishika kiuno:
"Umenunua pikipiki isiyo na kiti, isiyo na tairi,
ya kupandia ziwani,
nasi tunakaa mlimani."
Ukungu ukaingia uani ukaikagua na wenyewe.

Matema, Jumamosi, mwera haujaamka.
Lala kwa tumbo kwanza, Lusekelo akasema, maji kiunoni.
Sasa goti. Sasa goti la pili. Gesi kidogo. KIDOGO!
Kamba ya kuzimia injini imenifunga kifundo cha mkono;
kila nilipoanguka ilichomoka,
na chombo kikanyamaza palepale, kikinisubiri
kama mbuzi ambaye mwenyewe kajikwaa.

Ufukweni wanawake wa Kikisi walikuwa wamepanga vyungu,
wateja hawajafika, wakapata kazi ya kufanya:
"Tisa!"
"Kumi!"
"Hiyo ya kumi na moja hakuwa amepanda bado, isihesabiwe!"
Wakabishana. Nikazama wakibishana.

Kisha, sijui kwa nini, mguu ukapata mahali pake,
na wa pili ukaufuata bila kuulizwa,
nikasimama.
Muda wa kupima kikapu kimoja, si zaidi.
Milima ya Livingstone ikashuka hatua moja kuniona.
Silinda inayonong'ona ikakohoa.
Maji yakaniingia puani, matamu, ya baridi.
Ufukweni hakuna aliyetaja namba.

Jumatatu mapaja yalikataa kukunja.
Nikapima chai nimesimama.
Meneja akapita, akauliza kiti kina nini.
Nikamwambia: kikapu hiki, kilo kumi na nne;
toa uzito wa kikapu.
Mwingine.