Kiambatisho cha Tatu

Neno lenyewe ni kufifilisha.
Sikulitunga mimi, limo kwenye sheria:
mkosaji akikiri kwa maandishi, akalipa,
kosa linafifilishwa,
kama doa la mvinyo kwenye kanga
uliyoiloweka usiku kucha,
na asubuhi bado unajua lilipokuwa.

Chupa sita nilizijaza mwenyewe,
Mpunguzi, mwezi wa nane, chini ya kiwanda,
korongo kavu, shimo la mchangani
limechimbwa hadi kimo cha mtu,
na ndani yake maji ya rangi ya ufizi.
Yalinuka siki. Karatasi ya kupimia
ilibadilika kabla sijahesabu tatu.
Mbuzi wa Ndahani walisogea, wakanusa,
wakanitazama mimi.

Oktoba tukakaa mezani, mjini, feni ikilalamika.
Upande ule wakili Rwezaura na kalamu zake mbili,
na mwenye kiwanda, Mataluma, kola imelowa.
Upande huu mkuu wangu, mimi, mafaili.
Katikati maji ya kununua, ya baridi.

Tukataja milioni mia. Wakajibu kumi na tano.
Nimeshuhudia mnada wa Msalato:
pale angalau mnunuzi humpanua mbuzi mdomo
akahesabu meno.
Saa nzima ikaliwa na silabi moja.
Sisi tuliandika: kiwanda *kilitiririsha*.
Wakili akafuta, akaandika: maji *yalitiririka*.
Yenyewe, yaani. Bomba likiwa limesinzia.
Sha na ka. Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari:
tofauti yake ilikuwa milioni kumi na moja.

Sisemi tungekwenda mahakamani.
Kesi nazijua. Shahidi anahama,
faili linalala kabati lisilo lake,
hakimu anahamishiwa Singida,
na shimo linaendelea kunywewa.
Hapa, kabla ya mvua za Desemba,
litachimbwa bwawa la kutulizia uchafu,
na kisima cha mita mia na ishirini.
Hilo ni jambo. Ninalitetea hata nyumbani,
kwa mume wangu ambaye hajauliza.

Ila Chilewa Mbogoni aliniuliza kitu kidogo:
"Na madumu yangu?"
Akanivuta hadi mlangoni kwake.
Mistari ya mkaa, mitano mitano,
kila mmoja dumu la shilingi mia tano
la mwenye mkokoteni wa punda,
tangu zabibu za Machi zilipokamuliwa.
Nilihesabu mara mbili. Mia nne na kumi na mbili.
Laki mbili na elfu sita:
posho ya Rwezaura ya kikao ni zaidi.

Nikaupiga picha mlango, nikauchapa,
nikaubana nyuma ya mkataba.
Printa yetu ilikuwa inaishiwa wino;
mkaa ulitoka kijivu, kama ukungu wa Julai.
Wakili akainua ukurasa kwenye mwanga.
"Hiki ni nini?"
"Ni mlango," nikasema.
Mkuu wangu akakohoa.
Mataluma akauchukua, akautazama
kuliko alivyozitazama tarakimu zote.
"Mama yangu alihesabu hivi," akasema,
"madeni ya uwele, mwaka ule wa..."
Wakili akamgusa mkono.
Sentensi ikabaki pale, haina sahihi.

Saa kumi na moja jioni wakatia zao.
Milioni arobaini na mbili, bwawa, kisima,
*yalitiririka*.
Kiambatisho cha Tatu hakitajwi na kifungu chochote.
Hakikung'olewa pia. Pini ya stepla inakishika.

Januari nilirudi na chupa zangu.
Karatasi ilikawia, ikasita, ikatulia karibu na kijani.
Kisima kinatoa, chumvi kidogo, foleni ndefu,
na siku umeme ukikatika punda anarudi kazini.
Chilewa ameupaka mlango rangi ya buluu.
Jua likiupiga kwa ubavu,
mistari inaonekana chini ya rangi,
na michache mipya, juu yake.
Nilihesabu nikisubiri chai.
Mia nne na thelathini na moja.