Jiwe Lenye Jicho

Jumapili, La Jolla. Maji ya Machi yanauma masikio.
Leticia Ocampo ananionyesha kambakoche
aliyejikunyata ufani. Mkondo ukanisukuma kidogo,
nami, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
mwenye cheti cha uzamiaji cha wiki sita,
nikaweka mkono juu ya jiwe.

Jiwe likageuza jicho.

Sikumwona. Hata sasa naapa sikumwona:
ukoko wa mwani, madoa ya kutu,
kinywa kilichopinda chini kama cha karani
anayekuambia rudi kesho.
Glavu zangu zilikuwa garini.

Mwiba mmoja tu. Maumivu yakapanda
kiganja, kiwiko, kwapa, hadi kwenye magego.
Naye hakukimbia. Alisogea shubiri moja,
akatua, akawa jiwe tena,
kana kwamba mimi ndiye sikuwahi kutokea.

Ufukweni Leticia alitafuta maji ya moto. Hayakuwepo.
Palikuwa na chupa yangu ya chai:
maziwa, tangawizi, sukari vijiko vinne.
Akaonja kwanza, asije akaniunguza,
akaimimina yote katika ndoo ya mtoto
aliyekuwa akijenga ngome ya mchanga,
akanizamisha mkono.

Mtoto akauliza, mkono wake una kiu?

Tulikaa hivyo nusu saa,
nyuki wakirudi mzingani mmoja mmoja.

Watu wa hapa humwita nge.
Mimi simwiti kitu. Alikuwa kwake, amelala;
ni mimi niliyeegemea mlango bila hodi.

Vidole vilinuka tangawizi mpaka Jumanne.