Sikio la Sikujua

Kamwene, mama Semfilinge.
Mtungi wa ubaridi nimeuacha kwenye pikipiki,
sikuwa na uso wa kuingia nao.

Sikujua kalala ubavu nyuma ya zizi,
povu limemkaukia puani kama maziwa yaliyofurika sufuria,
tezi chini ya sikio zimejaa, parachichi changa.
Na hereni yangu ipo palepale, ya njano,
namba mia nne na saba,
na chini ya hereni kupe watatu,
wameshiba, wamenuna, hawana habari na namba.

"Ulisema akivaa hii hafi kwa ndigana."
Nilisema.
Nilisema mbele ya watu, pale kwenye josho bovu la Tungamalenga,
nikapokea elfu kumi na mbili, nikakuandikia risiti.

Majibu ya damu yametoka maabara, karatasi mbili.
Nazifunguaje mbele ya mzoga?
Nikaanza: kimelea ni kilekile, ila si kilekile.
Chanjo ilimfunza mtamba nyuso za wezi watatu;
huyu wa nne kavuka mto na nyati,
kashuka kwenye nyasi, kangoja.
Ukaniangalia kama mtu anayesoma hotuba ya mwenzake.

Ukutani, kwa mkaa, mjukuu wako Kanisio
alikuwa ameanza kazi ya shule:
kupe. kope. kopo.
Nikamwomba mkaa.
Nikaandika nyati, nikafuta herufi, ikawa nyasi.
Nikaandika chanjo. Herufi moja tu, mama: chanzo.
Ndivyo kinavyojiandika upya ndani ya damu,
na kinga, maskini, imesoma kwa kukariri.

Ulinyamaza kiasi cha inzi kuhama
kutoka jicho moja la Sikujua hadi la pili.
Kisha: "Basi nyati ndiye daftari."
Miaka saba ya kazi, semina zote za Iringa mjini,
hakuna aliyepata kuniambia hivyo.
"Mbona yeye haugui?"
Haugui. Walizoeana kabla hifadhi haijawa na mpaka.
"Na sisi tuliokuzoea wewe?"

Kisu kilikuwa kiunoni mwako.
Ukakata hereni, ukanipa, na kipande cha sikio kimeng'ang'ania.
Halafu ukaenda kumfungua mdogo wake,
dume la miezi minne, baka jeupe kwenye paji.
"Kalete huo mtungi."
Mama, hata huyu siwezi kuku—
"Nimesikia. Kalete. Wezi watatu si haba.
Wa nne nitamtafuta mwenyewe, kwa vidole, kila jioni."

Ukalikunjua sikio kwenye mwanga.
Mkono ulioshika sindano ulitetemeka;
ulioshika sikio, hapana.
Nyuma yetu Kanisio alikuwa amefuta maneno yangu yote,
anaendelea na yake:
kopo, kopa.
Amekwama hapo,
analamba mkaa kidoleni, anawaza.